"Rude" ya Kiingereza na "hana adabu" yetu

Mzee alinikuta barazani saa kumi na moja jioni. Alikuwa ametoka Naliendele kwa bodaboda, nikashtuka, kwa sababu namjua: bodaboda anaziogopa na hazipandi ila kuna jambo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaulizia watoto, akaulizia mikorosho aliyotuachia marehemu baba, akaulizia mguu wangu unaendeleaje. Akanywa maji. Ndipo akatoa kwenye mfuko wa shati bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili.

"Mwalimu, nisomee hii. Usiruke neno."

Ilikuwa barua ya onyo ya mwanawe wa tatu, kijana aliyeajiriwa udereva na kampuni moja hapa Mtwara mjini. Ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, muhuri chini. Sentensi iliyobeba barua nzima ilisema kijana alikuwa "rude" kwa msimamizi wake mbele ya wageni. Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa, sikusita. Nikamwambia mzee: wanasema alimkosea adabu msimamizi wake mbele ya wageni.

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. Akanyamaza hadi nikadhani hakunisikia.

"Kwa hiyo wanasema sikumlea."

Nikamwambia hapana, barua haikutaja malezi wala baba. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwalimu. "Sasa mtoto akikosa adabu, aliyetakiwa kumpa hiyo adabu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua kosa ni langu. Kampuni iliandika jambo moja, mimi nikamfikishia mzee jambo jingine kubwa zaidi. Na nilitumia "alimkosea adabu", ambayo walau inazungumzia tendo. Ningesema "hana adabu", kama tunavyozoea kutafsiri, sijui ningemwacha katika hali gani.

Kwenye daftari za msamiati tunayaandika maneno haya kama mapacha: "rude" kushoto, "-sio na adabu" kulia, mstari katikati. Nimewaandikia wanafunzi hivyo ubaoni mara nyingi. Leo nasema hayalingani, na pengo lililopo kati yake linaumiza watu, hasa katika mji kama wetu ambao tangu gesi ya Mnazi Bay ianze kuzungumzwa umejaa ofisi ambazo barua zake ni za Kiingereza na wapokeaji wake ni watoto wa wakulima wa korosho.

Kwanza niseme kijana alifanya nini. Msimamizi alikuwa na kikao na wageni watatu, mlango umeachwa wazi. Kijana alitumwa kupeleka funguo za gari. Akapiga hodi, akaingia, akasalimia. Akamshika mkono mgeni wa kwanza, wa pili, wa tatu, akauliza habari za safari. Kikao kikasimama. Msimamizi akamwambia kwa sauti ya chini aweke funguo atoke. Kijana akauliza, na hapa ndipo palipoandikwa barua: kwani kusalimia ni kosa?

Kwa Naliendele, kijana anayeingia mahali walipo watu wazima, akaweka funguo mezani na kugeuka kimyakimya, huyo ndiye wa kuandikiwa barua. Kwa yule msimamizi, kukata mazungumzo ya watu ndiko kulikokuwa "rude", na swali lile likaongeza. Kila mmoja alikuwa anashika adabu ya kwao. Hayo ya mila kutofautiana yameshasemwa sana, siyarudii. Kinachonishughulisha ni lile neno lenyewe, linabeba nini na halibebi nini.

"Rude" limeingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa katika Zama za Kati, na mzizi wake ni neno la Kilatini, "rudis". Maana yake ni kitu kibichi, kisichofanyiwa kazi: jiwe lisilochongwa, ardhi isiyolimwa, mti ambao tezo haijaugusa. Msomaji wa Mtwara hahitaji kamusi kuielewa picha hii. Nenda kwa wachongaji wa Kimakonde ukaangalie gogo la mpingo likiwa bado na ganda lake, limelazwa kwenye vumbi pembeni ya mkeka. Hilo gogo ndilo "rudis". Kisha angalia kinyago kilichomalizika, kimesuguliwa kwa msasa, kikapakwa kiwi hadi kinang'aa kama kimelowa maji. Hicho ni "polite", maana neno la Kiingereza la mtu mwenye adabu limetoka katika Kilatini cha kitu kilichosuguliwa kikang'aa. Hata "erudite", neno wanalomwita msomi aliyebobea, limejengwa juu ya mzizi uleule wa "rudis": mtu aliyetolewa ubichi. Maneno yote matatu yametoka kwenye kazi ya mikono, na kila mara ninapopita kwa wachongaji nayakumbuka.

Kwa hiyo zamani "rude" halikuwa neno la tendo. Lilikuwa la mtu, la hali yake na alikotoka. Mtu wa shamba, asiyesoma, asiyejua mambo ya mjini, aliitwa hivyo bila hata kuwa amemkosea yeyote. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamfanya Mtume Paulo ajiite "rude" wa usemi, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 11. Kwa maana ya leo ungedhani Paulo anakiri kuwatukana watu. Alikuwa anasema hakufundishwa ufasaha. Biblia ya Kiswahili tunayoisoma makanisani ilipafahamu vizuri pale: inamtaja kama mtu asiye hodari wa kunena, na adabu haikuguswa. Watafsiri wale walifanya kazi ambayo mimi, na shahada yangu, nilishindwa kuifanya barazani.

Na Kiingereza kimejaa maneno ya namna hii, yanayomhukumu mtu kwa alikozaliwa. "Villain", mwovu wa kwenye filamu, hapo mwanzo alikuwa kibarua wa shambani tu. "Boor", mtu asiye na ustaarabu, lina undugu na neno la Kiholanzi la mkulima. Hata leo Waingereza wenyewe bado wanapimana kwa vipande vidogo vya maneno. Mwaka 1954 profesa wa isimu, Alan Ross, aliandika jinsi tabaka la juu la Uingereza linavyotofautiana na wengine kwa msamiati. Mtu wa tabaka la kati, asiposikia ulichosema, atasema "pardon", akiamini hiyo ndiyo adabu. Wa tabaka la juu atasema "what", kavu, na "pardon" ya mwenzake ndiyo itakayomwonyesha kuwa alizaliwa chini. Shuleni sisi tulichapwa kwa kujibu "what". Tukiitwa na mwalimu, wavulana tuitike "naam", wasichana "abee", na kwenye kipindi cha Kiingereza iwe "pardon". Kumbe tulikuwa tunafundishwa adabu ya tabaka fulani la watu wa mbali.

Sisi nasi hatuna mikono safi katika hili. Pwani hii, kutoka Kilwa hadi Lindi hadi Mikindani, iliwahi kuwagawa watu katika waungwana na watumwa, na misafara iliyoteremka kutoka bara iliwaleta watu wamefungwa shingo. "Uungwana" ni neno zuri leo, lakini mwungwana maana yake ilikuwa mtu asiye mtumwa. "Mshenzi" aliitwa mtu wa bara, awe ametenda ushenzi au hakutenda. "Ustaarabu" limo Uarabu ndani yake, nalo lilitaka mtu afanane na wengine ndipo ahesabiwe mtu. Babu wa yule mzee wa Naliendele angeitwa mshenzi na watu wa pwani huku akiwa na adabu kuliko wao. Ninaposema maneno ya adabu yana historia ya kumhukumu mtu kwa asili yake, ya kwetu yamo.

Lakini Kiingereza kilifanya kitu ambacho Kiswahili hakikufanya. Taratibu, karne baada ya karne, "rude" lilihama kutoka kwa mtu kwenda kwenye tendo. Leo Mwingereza anasema "that was rude", na anayehukumiwa katika sentensi ile ni "that": kauli ile, mlango ule uliobamizwa, simu ile iliyopokelewa mezani watu wanakula. Aliyeifanya anaweza kuomba radhi, na baada ya dakika tano hakuna anayekumbuka. Ile maana ya zamani imebaki kwenye vipembe vya lugha. Wakisema mzee fulani yuko katika "rude health" wanamsifu, ana afya ya mtu wa shamba, nguvu tele. Na ukimsikia mtoto wa Kiingereza akicheka kwamba kitabu kina picha "rude", anamaanisha picha za uchi. Hilo la mwisho nitalirudia, maana lina mkasa wake huku kwetu.

"Adabu" halikuhama. Tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako "adab" ni malezi na pia ni fasihi, yaani kila kinachomjenga mtu aliyefundwa. Kwetu sarufi yenyewe inaonyesha limekaa wapi. Tunasema una adabu, huna adabu, kama una nguo, huna nguo. Ni kitu unachopewa ukiwa mdogo na unatembea nacho. Asiye nacho hakukipoteza jana kwenye kikao, hakuwahi kupewa. Ndiyo maana "huna adabu" inamruka anayetukanwa, inatua kwa mama yake. Na aliyekosa kupewa kwa upole hupewa kwa nguvu: kumtia mtu adabu, kumshikisha adabu, hakuna asiyejua fimbo imo ndani ya maneno hayo.

Kuna jingine, na kwa mambo ya kazini naliona kubwa zaidi. "Hana adabu" lina mwelekeo kama maji: linatoka juu kwenda chini. Baba kwa mtoto, mwalimu kwa mwanafunzi, bosi kwa dereva. Mtoto hawezi kumwambia baba yake kwamba hana adabu, sentensi hiyo ikitamkwa yenyewe ndiyo inakuwa kosa. "Jeuri" ni vivyo hivyo, jeuri ni wa chini anayegoma kuwa chini, ingawa katika Kiarabu neno hilo lilitokana na dhuluma ya mwenye nguvu. Bosi anayefoka tunasema ana dharau, ana kauli chafu, ana nyodo, ananyanyasa watu. "Rude" la leo halijali ngazi. Meneja anaweza kuwa "rude" kwa mfagizi, na mfagizi anaruhusiwa kuliandika neno hilo hilo kwenye malalamiko yake. Tunapolitafsiri kwa "kukosa adabu" tunaliondolea usawa wake. Barua inayosema wafanyakazi wasiwe "rude" inamhusu hata aliyeisaini. Ikishakuwa ya Kiswahili, yenye kukosa adabu ndani, inawahusu madereva, walinzi na wapishi.

Nilisema nitarudi kwenye maana ile ya uchi. Msimu wa kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, vijiji vya Newala, Tandahimba na Masasi vinacheza unyago na jando. Usiku makungwi wanaimba nyimbo ambazo mchana hakuna anayeweza kuzitamka mbele ya mkwewe. Matusi ya ngoma, tunaita hivyo wenyewe. Wamisheni wa kwanza waliofika Masasi, baada ya askofu wa Kianglikana Edward Steere kuwaleta pale watumwa walioachiwa huru mwaka 1876, walisikia ngoma zile na wengi wao waliona uchafu mtupu. Kwa Kiingereza chao yale yalikuwa "rude" kwa maana zote mbili kwa pamoja, ubichi wa watu wa porini na mambo ya uchi.

Ilhali pale ndipo adabu ilipokuwa inatolewa. Mwali anafundwa jinsi ya kupiga magoti anapompa mkubwa maji, jinsi ya kumwita mkwe, wimbo gani usitoke nje ya ukumbi. Aliyetoka jando haingii tena chumba cha wazazi wake, hata akitumwa kitu kilicho mlangoni ataomba kiletwe. Yale matusi yanatamkwa usiku ule ili mtu ajue uzito wake na mahali pake, asije akayatamka sokoni. Shule nzima ya adabu ilionekana kwa macho ya mgeni kuwa ndiyo ukosefu wa adabu. Aliyeliona hilo mapema kuliko wenzake ni Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926. Alielewa kwamba ukiling'oa jando unang'oa malezi pamoja nalo, akaamua libaki, liingizwe sala na mafundisho ya Kikristo. Wapo waliomlaumu, pande zote mbili. Mimi namheshimu kwa kuuliza kwanza kitu kinafanya kazi gani kabla ya kukipa jina.

Sitetei kila kinachofanyika ukumbini. Mtoto wa miaka tisa hana haja ya kufundwa mambo ya ndoa, na mzazi anayemtoa shule kwa ajili hiyo anamharibia maisha. Hilo nalisema kila mkutano wa wazazi. Lakini kuiita ngoma ya unyago utovu wa adabu ni kutojua inafanya kazi gani.

Sasa tazama vijana wanavyosema siku hizi. Simama stendi ya Mkanaledi usikilize: "yule dada wa tiketi yuko rude", "usiwe rude bana, nimekuuliza vizuri". Walimu wenzangu wanakasirika, wanaona ni uvivu na kujifanya. Mimi nilikuwa nakasirika nao. Siku hizi nadhani vijana wamegundua kitu ambacho kamusi zetu hazijakisema. Walihitaji neno jepesi la kumlaumu mwenzao bila kumgusa mama yake, neno ambalo mdogo anaweza kumwambia mkubwa kidogo na dunia isianguke. "Huna adabu" ingeleta ugomvi pale dirishani. "Uko rude" inaleta, mara nyingi, tiketi.

Ninachowadai ni kimoja: wasidhani Kiswahili hakina. Kina maneno ya tendo, tena yenye shabaha kuliko hilo la kuazima, ambalo ni kama wavu unaozoa kila samaki. Aliyekujibu kwa mkato, sema amekujibu kwa mkato. Aliyekupita kama hakukuona amekuchunia. Aliyekutazama juu hadi chini ana nyodo. Anayeingilia yasiyomhusu ana kimbelembele, anayejibizana na kila mkubwa ni mjuvi. Fedhuli tunalo, la Kiarabu, na huko kwao lilikuwa la mtu mdadisi wa mambo ya watu. Na pale unapotaka kusema kile hasa ambacho Mwingereza anakisema kwa "that was rude", Kiswahili cha kila siku kinacho: haikupendeza. Si uungwana. Hapo hukukaa vizuri. Kinachosemwa ni hiki cha sasa hivi, na mtu anaachiwa mlango wa kutokea.

Hata ofisini kuna njia. "Utovu wa nidhamu" linapatikana kwenye barua nyingi za onyo, na ingawa linasikika kali, nidhamu ni ya mahali: ya shule, ya jeshi, ya kazi. Mtu huikosa pale na nyumbani anabaki mtoto wa watu. Ningemwambia mzee kwamba mwanawe amekiuka nidhamu ya ofisi, angeuliza nidhamu gani, tungeongea. Kikubwa ni kwamba anayeandika barua kwa mtu wa hapa aiandike kwa lugha ya mtu wa hapa, na aandike kilichotokea: uliingia kikao kikiendelea, ukasalimia, ukaambiwa utoke ukahoji mbele ya wageni. Hapo hakuna neno hata moja la kutafsiri vibaya.

Siku ya tatu nilikwenda Naliendele mwenyewe. Nilimkuta mzee chini ya mwembe anabangua korosho za kula nyumbani, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda. Nikamwambia nilikosea. Barua ilisema kilichofanywa na kijana hakikupendeza pale kwenye kikao, basi. Akaendelea kugonga korosho mbili, tatu.

"Wangesema hivyo," akasema.

"Walisema hivyo, baba. Mimi ndiye nilisema vingine."

Kijana akaja, tukakaa watatu kuandika barua ya kujieleza. Kuomba radhi alikuwa tayari, na kweli ilimpasa: ukishaambiwa utoke, hujibu kwa swali mbele ya wageni, hata Naliendele hilo halipendezi. Hayo tukayaweka juu. Nilipotaka kufunga barua, mzee akasema bado, kuna la kwake. Alitaka iandikwe kwamba mtoto alilelewa. Nikahangaika na Kiingereza changu cha miaka kumi na tisa, maana kila nilichojaribu kilisikika kama cheti cha kuzaliwa. Mwisho nikaandika kwamba kijana huyu alilelewa na baba na mama yake hapa Naliendele, na kwamba kusalimia ni jambo la kwanza walilomfundisha.

Mzee akauliza ni mstari upi. Nikamwonyesha. Akafuta mkono kwenye shuka, akaweka kidole mwanzo wa mstari ule, akaufuata polepole hadi kwenye nukta.